Kusema Hadi Kunakucha: Hotuba Ndefu kama Silaha ya Kukwamisha Sheria

Katika historia ya mabaraza ya kutunga sheria, upande uliozidiwa kwa kura mara nyingi umetafuta ushindi katika kitu ambacho wingi wa kura hauwezi kukiongeza, nacho ni muda. Mjumbe ambaye kanuni zinamruhusu kusema bila kikomo anaweza kuumaliza muda wote wa kikao, hata siku ya mwisho ya baraza ikapita kabla muswada haujaamuliwa. Mbinu hiyo, ambayo Marekani huitwa filibasta, husimuliwa zaidi kama mashindano ya uvumilivu wa koo na miguu. Kumbukumbu za mabaraza, hata hivyo, zinaonyesha kwamba hotuba za mtu mmoja zilizopata sifa kubwa karibu zote zilishindwa, ilhali ushindi wenye madhara makubwa ulipatikana kwa watu wengi waliopeana zamu, au kwa tishio tu la kufanya hivyo.

Mfano wa kale unaofahamika vizuri ni wa Roma, ambako Seneti haikuruhusiwa kupitisha azimio baada ya jua kuzama. Mwaka 60 KK, Julius Caesar alikuwa nje ya jiji akisubiri gwaride la ushindi wa kijeshi. Kwa kuwa jemadari aliyeingia jijini mapema aliipoteza heshima hiyo, aliomba aruhusiwe kugombea ukonsuli, yaani cheo cha juu kabisa serikalini, bila kufika mwenyewe. Seneta Cato Mdogo, aliyempinga, alisimama akasema mpaka giza likaingia, na ombi likafa. Caesar aliliacha gwaride, akaingia jijini, akagombea na kushinda. Kwa hiyo Cato alishinda siku hiyo tu.

Uingereza, mbinu hii ilipata sura ya harakati za kitaifa katika karne ya 19, pale wabunge wa Ireland, waliokuwa wachache mno kuweza kushinda kura yoyote, walipoamua kwamba Bunge lisiloitawala Ireland kwa haki lisiweze kuitawala nchi yoyote kwa urahisi. Joseph Biggar, mfanyabiashara wa Belfast, alisoma nyaraka za serikali kurasa kwa kurasa. Inasimuliwa kwamba Spika alipolalamika kuwa sauti ya Biggar haisikiki, Biggar alichukua karatasi zake, akasogea karibu na kujitolea kuanza upya. Mwaka 1877, yeye na Charles Stewart Parnell na wenzao wachache waliupinga muswada wa kuyaunganisha makoloni ya Afrika Kusini katika kikao kilichodumu takriban saa 26. Muswada ulipita, lakini baraza lilikuwa limeonja uchungu wa mbinu yenyewe.

Pambano kubwa zaidi lilianza tarehe 31 Januari 1881, serikali ilipotaka ruhusa ya kuwasilisha muswada wa kuwaweka watu kizuizini nchini Ireland bila kuwafikisha mahakamani. Wabunge wa Ireland walipeana zamu usiku na mchana, na kikao kikafikisha saa 41. Asubuhi ya tarehe 2 Februari, Spika Henry Brand alisimama na kutangaza kwamba, kwa mamlaka yake mwenyewe, anaufunga mjadala na kuitisha kura, jambo ambalo halikuwa na msingi katika kanuni yoyote iliyoandikwa. Siku iliyofuata wabunge 36 wa Ireland walisimamishwa, na mwaka 1882 Baraza la Makabwela likaweka rasmi kanuni ya kufunga mjadala, yaani hoja ambayo ikikubaliwa humaliza maneno na kulazimisha kura. Kanuni za namna hiyo zilirithiwa na mabunge mengi ya Jumuiya ya Madola, yakiwemo ya Afrika Mashariki. Mbunge anayekatizwa kwa hoja ya namna hiyo katika Bunge la Tanzania huko Dodoma analipa, kwa sehemu, gharama ya ugomvi huo wa Waingereza na Waayalandi.

Seneti ya Marekani ilichukua njia tofauti, tena karibu kwa bahati mbaya. Mwaka 1806, kufuatia ushauri ambao Aaron Burr, Makamu wa Rais aliyeiongoza Seneti, aliutoa mwaka uliotangulia wa kupunguza kanuni zisizotumika, iliifuta hoja ambayo baadaye ingeweza kutumika kukata mjadala. Tangu hapo seneta aliyepewa nafasi aliweza kuendelea kusema maadamu amesimama na hajatoka ukumbini, na maneno yake hayakulazimika kuhusiana na muswada. Mwaka 1917, baada ya maseneta wachache kuukwamisha muswada wa kuzipa silaha meli za biashara hadi muhula wa baraza ukaisha, ilipitishwa kanuni ya kufunga mjadala kwa theluthi mbili ya kura, kiwango kilichokuwa kigumu sana kufikiwa.

Katika Seneti hiyo ndimo walimojitokeza mabingwa wanaokumbukwa, kabla na baada ya kanuni hiyo. Robert La Follette alisema kwa zaidi ya saa 18 mwaka 1908. Huey Long, mwaka 1935, alitumia zaidi ya saa 15, sehemu yake akieleza namna ya kukaanga chaza. Wayne Morse alizidi saa 22 mwaka 1953. Strom Thurmond wa South Carolina alianza saa 2:54 usiku wa tarehe 28 Agosti 1957, akasoma sheria za uchaguzi za jimbo moja baada ya jingine, akamaliza baada ya saa 24 na dakika 18. Inaelezwa kwamba kabla ya hapo alikaa katika bafu la mvuke ili mwili upungukiwe maji, asije akalazimika kwenda msalani. Muswada wa haki za kiraia alioupinga ulipita usiku uleule alipomaliza, kwa kura 60 dhidi ya 15. Maseneta wenzake wa majimbo ya Kusini, ambao walikuwa wamekwisha kuupunguza makali kwa mazungumzo, walikasirika naye.

Wenzake hao, chini ya uongozi wa Seneta Richard Russell, waliielewa silaha yao vizuri zaidi. Mwaka 1960 walijigawa makundi ya zamu kuupinga muswada mwingine wa haki za kiraia, wakasema kwa zaidi ya saa 125 karibu mfululizo. Aliyechoka hakuwa msemaji. Waliochoka ni wale walioutaka muswada, kwani walipaswa kuwa tayari saa yoyote kutimiza akidi ya maseneta 51, na kwa hiyo walilala kwenye vitanda vya kukunja ndani ya jengo. Kati ya 1917 na 1964 hakuna hoja hata moja ya kufunga mjadala iliyofaulu juu ya muswada wa haki za kiraia. Ukuta huo ulibomoka tarehe 10 Juni 1964, kwa kura 71 dhidi ya 29. Seneta Clair Engle, aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo na asiyeweza tena kusema, aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akapiga kura ya ndiyo kwa kuonyesha jicho lake, kwa kuwa kwa Kiingereza neno la kura ya ndiyo, "aye", hutamkwa sawa na "eye", yaani jicho.

Mwaka 1975 kiwango kilishushwa hadi kura 60, lakini kabla ya hapo Seneti ilikuwa imeanza utaratibu wa kuuweka kando muswada unaopingwa na kuendelea na shughuli nyingine. Kwa hiyo leo tishio hutosha, na hakuna anayelazimika kukesha. Hotuba ya Cory Booker ya mwaka 2025, iliyozidi saa 25 na kuivunja rekodi ya Thurmond, haikuzuia muswada wowote.

Ubaya wa mbinu hii hauwezi kupimwa kwa saa za wasemaji. Muswada wa kuyafanya mauaji ya makundi yanayojichukulia sheria mkononi, ambayo waathiriwa wake wengi walikuwa Waamerika Weusi, kuwa kosa la shirikisho ulipitishwa na Baraza la Wawakilishi mwaka 1922, ukakwamishwa Seneti mwaka huohuo, na mwingine wa aina hiyo ukakwamishwa tena mwaka 1938 baada ya wiki kadhaa za maneno. Sheria ya aina hiyo ilitiwa saini hatimaye tarehe 29 Machi 2022.