Gilgil: Kila Jamii na Mwaka Wake

Katika karatasi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ghasia za baada ya uchaguzi katika ukanda huu wa Bonde la Ufa, Kenya, mwaka 2008 zina miji miwili: Nakuru, Januari 24 hadi 27, na Naivasha, Januari 27 na 28. Gilgil iko katikati ya miji hiyo kwenye barabara kuu. Ukitaka kujua kwa nini majirani waliwindana, siku hizo tano hazitakutosha. Waketishe watu wa ukanda huu meza moja Kikopey, karibu na Gilgil, nyama ikiwa bado motoni, na kila mmoja ataanzia mwaka wake.

Mmaasai ataanzia 1904, mwaka wa mkataba uliowaondoa watu wake Naivasha, Elementaita na Nakuru, kandokando ya reli, wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911 wakahamishwa tena, safari hii kusini. Malisho yao yaligeuka mashamba ya walowezi. Delamere alichukua Soysambu, na shemeji yake Galbraith Cole akawa na Kekopey, ndiyo hii Kikopey ya nyama choma. Mwaka huohuo wa 1911 Cole alimpiga risasi Mwafrika aliyemshuku kuwa mwizi wa kondoo, akamuua. Baraza la wazee wa mahakama, Wazungu wenzake, likamwona hana hatia. Serikali ya kikoloni yenyewe iliona haya, ikamfukuza nchini kwa muda. Anayedhani damu ilianza kumwagika hapa kwa sababu ya kura na aanzie hapo.

Mkikuyu ana hesabu nyingine. Babu alikuja kuwa skwota kwenye shamba la mzungu. Baada ya uhuru wajukuu wakachanga pesa, wakanunua ardhi kupitia vyama vya ushirika, na Kekopey ikagawanywa vipande vipande. Nyani waliokuwa wakichunguzwa na wanasayansi huko walianza kula mahindi ya wakulima, na mwaka 1984 wakahamishiwa Laikipia kwa uangalifu mkubwa. Miaka kumi baadaye, karibu na Krismasi ya 1994, wakimbizi waliofurushwa Enoosupukia, waliokuwa kambini Maela, upande wa Naivasha, walipakiwa kwenye malori usiku na kwenda kumwagwa Mkoa wa Kati. Nyani waliandaliwa makao, watu hawakuandaliwa.

Kisha ikaja 2008. Wakikuyu wengi huihesabu kuanzia Januari 1, siku kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilipochomwa na watu ndani. Waliotoroka huko walishuka hadi Nakuru na chini zaidi, wakiwa na godoro na habari. Mjaluo huihesabu kuanzia Januari 27, Naivasha, watu 19 walipoteketezwa ndani ya nyumba moja mtaani Kabati. Barabarani vijana waliweka mawe na magogo, wakasimamisha magari na kudai vitambulisho. Kitambulisho cha Kenya cha wakati huo hakikutaja kabila, lakini mbele kulikuwa na jina na wilaya ya kuzaliwa, na ukikigeuza, nyuma kulikuwa na lokesheni. Vijana wale hawakuhitaji zaidi.

Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Familia ilipewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na 25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Wengine hawakurudi ng'o. Walichanga elfu kumikumi zao, wakanunua viploti vidogo kandokando ya barabara hii na kupiga mahema.

Kule Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kesi ya Uhuru Kenyatta, aliyekuwa rais wakati huo, iliyohusu Nakuru na Naivasha, iliondolewa Desemba 2014, upande wa mashtaka ukisema ushahidi hautoshi. Machi 26, 2015 aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali zote zilizotangulia na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Kesi ya naibu wake, William Ruto, nayo ikakatizwa Aprili 5, 2016, na siku 11 baadaye uwanja wa Afraha, Nakuru, ukajaa watu waliokuja kwa ibada ya shukrani. Waathiriwa walikuwa bado wakiuliza bilioni zile 10 zitagawanywa lini.