Namna wapiga upinde wa Ituri walivyofundishwa na kupimwa

Miaka kadhaa nyuma, ku shule moja ya njia ya Mambasa kwenda Mungbere, tulitayarisha mashindano ya upinde kwa siku ya utamaduni. Tulisimamisha mugomba mwisho wa kiwanja, tukapima hatua ishirini, tukaalika muzee mmoja wa Efe awe mwamuzi. Vijana walipiga vizuri, watatu walitia mishale ndani ya mugomba. Tulipomwuliza muzee nani ameshinda, alijibu: «Hakuna. Nyuma ya mugomba kuko njia ya maji. Hata mumoja hakuangalia.» Na kweli, wamama walikuwa wanapita pale na bidoni zao. Sisi walimu, na diploma zetu, ndio tuliochagua ile nafasi. Aibu ile ndiyo iliyotusukuma kuuliza wazee: wao walimpimaka kijana namna gani?

Kwanza tuondoe mchanganyiko mmoja. Wawindaji wa pori la Ituri si wa namna moja. Katikati na kusini, upande wa Epulu, Bambuti wanaokaa jirani na Babila wanawinda kwa nyavu: wanaume wanazitandika, wanawake na watoto wanafukuza nyama kuzielekea. Kaskazini na mashariki, Efe, jirani za Balese, ni watu wa upinde. Colin Turnbull, Mwingereza aliyekaa Epulu katika miaka ya 1950, alitoa kitabu chake mwaka 1961, na tangu hapo wageni wengi wanafikiri kwamba Bambuti wote ni wa nyavu. Hata wanafunzi wetu wa Mambasa wanasema hivyo, na wao wamezaliwa hapa!

Upinde wa Efe ni mfupi. Mtu mzima anaupitisha kati ya miti bila kushikwa na kamba za pori. Uzi wake ni wa kekele, na mukono wa kushoto unavaa kinga ya ngozi ili uzi usiuchubue. Mishale ni ya aina mbili: yenye chuma, ambacho walipataka kwa wanakijiji, ni ya mboloko na nyama wengine wa chini, ya mti mtupu, iliyotiwa sumu, ni ya nyani wa juu. Mahali pa manyoya kunatiwa jani.

Mtoto alianzaka masomo kwa mchezo. Baba alimchongea upinde mdogo na mishale butu, na kwa mishale ile mtoto alijifunza kulenga bila kumtoboa ndugu yake. Hakuna aliyemwita mwanafunzi. Chuma kilikuja nyuma, sumu nyuma zaidi.

Juu ya sumu, historia inatupa mfano. Agosti 1887, msafara wa Stanley ulipofika Avisibba, kando ya mto Aruwimi, ambao juu huku tunauita Ituri, luteni William Stairs alipigwa mushale wa sumu kifuani. Daktari Parke alinyonya kidonda, na Stairs akapona baada ya kuugua sana. Wenzake wengine, wenye vidonda vidogo tu, walikufa nyuma ya siku chache. (Ni Stairs huyohuyo aliyeongoza msafara wa Katanga mwaka 1891, ambamo Msiri aliuawa.) Waliopiga walikuwa watu wa mto, si Efe. Lakini jambo ni lile lile: kidonda kidogo, kifo cha kuchelewa. Ndiyo maana muzee wetu alituambia kwamba mishale ya sumu haichanganywi na mingine, na mtoto akiigusa, anayekaripiwa ni mwenye mishale.

Uwindaji wa pamoja unaitwa mota. Wapiga upinde wanajipanga na kungoja, mbwa wanaingia katika majani kufukuza nyama. Mbwa wa kwetu hawabweki, kwa hiyo wanafungwa kengele ya mti shingoni. Kengele inasukuma nyama, na vilevile inamwambia mwindaji: huku kuna mbwa, na nyuma ya mbwa kuna mutu. Kupiga kitu kinachotikisika tu katika majani, bila kukiona, ni kosa kubwa kuliko kukosa nyama.

Kisha swali la mgao: «Mushale ya nani ilianza?» Nyama ni ya mwenye mushale uliotangulia kuipata. Aliyepiga wa pili ana kipande chake, mwenye mbwa pia. Na kama upinde au mushale umeazimwa, mwenye kitu ndiye mwenye nyama, hata kama alibaki kambini. Kisha vipande vinagawiwa tena mpaka kambi nzima inakula. Tunavutwa na sheria hii sababu inamlazimu kila mtu kukumbuka ni nani alifanya nini. Mwongo angejulikana kabla ya moto kuwaka.

Mtihani mgumu zaidi ulikuwa wa peke yake, wakati wa matunda. Hapo mwindaji anapanda mti karibu na mahali nyama wanapokuja kula, anakaa kimya asubuhi au jioni. Mbu wanamuuma, mguu unakufa ganzi. Nyama akitokea mbali, hapigi. Mushale wa upinde mfupi hauangushi nyama papo hapo: ukimpata vibaya, anakimbia na kwenda kuoza mahali ambapo hakuna atakayemla. Kwa hiyo anangoja nyama afike karibu, na akimjeruhi, anashuka na kufuata damu, hata kama mvua inakuja. «Kijana anajua kupiga, hajue kungoja,» ndiyo matusi tuliyosikia mara nyingi kwa wazee. Hata ku ndoa kulikuwa mtihani: Turnbull aliandika kwamba ku Epulu, kijana aliyetaka binti alipaswa kwanza kuleta nyama mkubwa kwa wazazi wake.

Hatusemi kwamba wazee walikuwa malaika. Lakini kuanzia miaka ya 1950 wachuuzi walianza kuingia kambini kununua nyama, halafu zikaja waya za mitego, na vita vya 1996 hadi 2003 vilijaza pori bunduki. Waya haichagui. Inashika mwenye mimba na mtoto, inashika okapi, ambaye sheria inamlinda tangu 1933, na mwenye kuitega akisahau kurudi, nyama anaoza pale. Wanafunzi wetu wengi wanajua kutega waya. Upinde wameuona ile siku ya utamaduni tu. Hifadhi ya Okapi, iliyoundwa mwaka 1992, ina sehemu ambamo wenyeji wanaruhusiwa kuwinda kwa njia za desturi, na sheria ya 15 Julai 2022 inatambua haki za Bambuti juu ya mapori yao. Lakini desturi gani itaruhusiwa, kama anayeijua hana wa kumfundisha?

Mwaka uliofuata tulirudisha mashindano. Safari hii muzee mwenyewe alichagua mahali: mugomba mbele ya kichuguu kikubwa. Kijana mmoja alivuta uzi, mbuzi akapita pembeni, akashusha upinde. Akavuta tena, mbuzi akarudi, akashusha tena, mpaka zamu yake ikaisha na wenzake wakamcheka. Muzee alimtaja wa kwanza. Walimu wa hesabu walikataa kuandika hivyo katika karatasi ya matokeo, na mpaka leo tungali tunabishana apewe pointi ngapi.