Dago la Misali

Anayefika Misali, magharibi mwa Pemba, akakuta vibanda vya makuti na majivu ya kuni, huenda akadhani ni kisiwa kitupu kilichovamiwa na wapitaji. Dhana hiyo si sahihi. Kukosa kijiji si kukosa wenyewe. Misali hakuna maji matamu, kwa hiyo wavuvi wa Pemba waendao dago huko, yaani kupiga kambi ya muda ya uvuvi, hulazimika kupakia chomboni madumu ya maji, unga na chumvi, wakipanga safari kwa bamvua na kwa pepo za kaskazi na kusi. Samaki asiyeuzwa hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa juani mpaka awe ng'onda. Maisha ya namna hiyo hayaendi bila utaratibu, na imani imo ndani yake: masimulizi ya Kipemba yanasema Nabii Hadhara alitaka msala wa kusalia, ukakosekana, akakifanya kisiwa hicho, kilichoelekea Kibla, kuwa msala wake.

Wapo wasemao kuwa dago ndilo lililomaliza miti na matumbawe. Hoja hiyo ina uzito, maana kuni hukatwa kweli. Lakini baruti na juya, vinavyovunja matumbawe, ni njia za kuvulia, wala hazihitaji mtu kulala kisiwani. Mwaka 1998 Misali ilipotangazwa eneo la hifadhi, sehemu moja ilifungwa na kwingineko wavuvi wakaruhusiwa kuendelea. Uamuzi ule ulikuwa wa haki, na visiwa vingine vya mwambao vinastahili kutendewa hivyo hivyo.