Kishali na Gishari: jina moja, vinywa viwili

Mwaka 2026 unatimiza miaka 60 tangu Léopoldville iitwe Kinshasa, Stanleyville iwe Kisangani na Albertville iwe Kalemie. Bukavu ilikuwa imeshalivua jina la Costermansville kabla ya uhuru. Hayo tulisoma shuleni. Huku Pinga, Masisi inapokutana na Walikale, vijiji vingi vilibaki na majina ya wenyeji, na bado majina hayo yameleta ugomvi mkubwa kuliko ya miji mikubwa.

Majina ya huku yana mizizi mirefu. Utendi wa Mwindo wa Wanyanga, aliousimulia Candi Rureke mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck mwaka 1956, hutaja kijiji cha Tubondo kabla shujaa hajazaliwa. Kwa majirani zao Wahunde, Bu- ni nchi, kama Buhunde, na Ba- ni watu, kama Bashali.

Ugomvi wenyewe ulianza 1937. Wabelgiji waliunda MIB, shirika la kuwahamisha Wanyarwanda, kwani Rwanda ilisongamana na walowezi wa Kivu walitaka vibarua. Hadi 1955 makumi ya maelfu walikuwa wamefika Masisi. Walikatiwa utawala wao ndani ya ardhi ya Wahunde, ukaitwa Gishari. Mwaka 1957 Wabelgiji haohao wakaufuta. Hasira ya ardhi ikabaki, na jina likageuzwa ushahidi wake. Ukisema Gishari, unaitwa mvamizi. Ukisema Kishali, kama Wahunde wasemavyo, unaitwa mbaguzi.

Wanaoita hivyo wote wanakosea. Kinyarwanda hugeuza ki- kuwa gi- ikifuatwa na silabi inayoanza na sauti kama s, sh, t au k. Ndiyo maana Kisenyi ya Waswahili ni Gisenyi kwa Wanyarwanda, ilhali Kigali na Kibuye hazibadiliki. L na r nazo kwao ni sauti moja. Kishali ikipita katika ulimi huo hutoka Gishari. Kwa hiyo wageni walilikuta jina, wakalichukua, wakazaa nalo watoto na wajukuu. Mhunde ana haki ya kusema lilikuwapo. Mjukuu wa mhamiaji ana haki ya kulitamka kama mama yake.

Tangu machafuko ya 1993 yaliyoanzia Ntoto, Walikale, vijiji vimehamwa mara nyingi, na wazee wanaojua nani alikiita kijiji jina gani wanafia ukimbizini. Walimu wa Pinga, wapeni wanafunzi daftari, wakawaulize wazee hao sasa.