Kitasa janja na uteuzi wake

Kitasa janja ni kitasa cha mlango ambacho komeo lake husukumwa na mota ndogo ya umeme, na ambacho hupokea amri kwa mawimbi ya redio, kwa namba ya siri inayobonyezwa kwenye vitufe, kwa kadi, kwa alama ya kidole au kwa simu ya mkononi. Kinapounganishwa na nyumba janja, yaani mfumo ambao taa, kamera, ving'ora na vifaa vingine hupashana habari na kufuata kanuni zilizowekwa na mwenye nyumba, kitasa hicho huwa na mabwana wawili: mlango, unaokitaka kishike barabara, na kompyuta, inayokitaka kijibu kila kinapoulizwa. Makosa mengi ya uteuzi hutokana na mnunuzi kumsikiliza bwana wa pili peke yake, akavutiwa na orodha ya programu ambazo kitasa hukubaliana nazo, kisha fundi akaja na kukuta hakiingii mlangoni.

Vitasa vilivyozoeleka zaidi ni vya aina tatu, na kila aina huamua mapema ni kifaa gani cha kielektroniki kitakachofaa. Katika aina ya Kimarekani komeo nene hukaa ndani ya tundu la mviringo lenye kipenyo cha milimita 54, ambalo katikati yake huwa umbali wa milimita 60 au 70 kutoka ukingo wa mlango, na sehemu kubwa ya vitasa janja vinavyotangazwa kwa Kiingereza imeundwa kwa tundu hilo. Aina ya Kiulaya ina kasha lililochimbiwa ndani ya unene wa mlango, pamoja na silinda inayopenya pande zote mbili na kushikiliwa na skrubu moja ndefu, hivyo silinda yaweza kubadilishwa kwa dakika chache bila kuugusa ubao. Aina ya tatu ni kitasa cha kuchimbia cha Kiingereza, ambacho hakina silinda bali leva, yaani vipande bapa vya madini vinavyoinuliwa na meno ya ufunguo mrefu. Kitasa hiki kilienea Afrika Mashariki pamoja na ujenzi wa zama za ukoloni na bado kinauzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, lakini kwa kawaida hakina mahali ambapo mota inaweza kushika, na mwenye nacho hana budi kung'oa kasha zima. Silinda yenyewe, ambayo vitasa janja vingi bado huitegemea kwa ufunguo wa dharura, si jambo jipya: Linus Yale Mdogo wa Marekani alipata hataza za muundo wake mwaka 1861 na 1865, na wazo la vijiti vinavyoanguka na kuzuia komeo lilikuwa tayari limetumika katika makomeo ya mbao ya Misri ya kale.

Kutokana na tofauti hizo, watengenezaji hutoa vifaa vya namna mbili. Namna ya kwanza hufungwa upande wa ndani tu, juu ya kishikio cha kuzungushia au juu ya ufunguo uliobaki ndani ya silinda, na upande wa nje mlango hubaki kama ulivyokuwa. Huwafaa wapangaji, kwa kuwa siku ya kuhama kifaa hufunguliwa na kuondoka na mwenyewe. Pale ufunguo unapokaa ndani muda wote, silinda haina budi kuwa ile inayokubali kufunguliwa kwa nje hata kama upande wa ndani una ufunguo, la sivyo betri ikiisha familia nzima italala barazani. Namna ya pili huondoa kitasa cha zamani na kuweka kipya chenye vitufe au kisoma vidole upande wa nje, na hiyo ndiyo inayoonekana zaidi katika nyumba za kupangisha wageni kwa siku chache, ambako kumpa mgeni namba inayokufa yenyewe saa ya kuondoka kumechukua nafasi ya kumsubiri mlangoni na ufunguo.

Kabla ya fedha kutolewa, mlango wenyewe unastahili kupimwa kwa jaribio ambalo halihitaji chombo chochote. Mlango hufungwa, kisha ufunguo wa kawaida huzungushwa kwa vidole viwili tu, bila kuusukuma mlango kwa goti, bila kuuvuta na bila kuuinua kwa mkono mwingine. Ikiwa komeo linaingia kwenye tundu la mwimo kwa ulaini, mota italiweza. Ikiwa mwenye nyumba amezoea kuusogeza mlango kidogo kwa bega ili ufunguo ukubali, mota haina bega. Itasukuma, itakwama, itarudi nyuma na kujaribu tena, huku ikimaliza betri na kutuma taarifa za hitilafu kwenye simu. Milango ya mbao ngumu ya Pwani huvimba wakati wa masika na kunywea wakati wa kaskazi, kwa hiyo jaribio la Januari si ushahidi wa Aprili. Dawa yake mara nyingi ni patasi ya kupanua tundu la mwimo, au bawaba iliyolegea kukazwa. Kazi ya nusu saa ambayo hakuna programu inayoweza kuifanya.

Uimara wa chuma hupimwa kwa viwango vilivyotangulia elektroniki. Nchini Marekani makomeo hupangwa katika madaraja matatu, la kwanza likiwa bora kuliko yote, na komeo la daraja hilo hutakiwa kufunga na kufunguka mara 250,000 katika maabara, ilhali la daraja la tatu hutakiwa mara 100,000. Ulaya hutumia kiwango cha EN 1303 kwa silinda, na mnunuzi wa silinda ya Kiulaya hufanya vyema kuhakikisha kuwa haichomozi nje ya bamba la mlango, kwa sababu silinda iliyochomoza huvunjwa kwa koleo katikati, pale skrubu inapopita. Kitasa kisichotaja kiwango chochote, hata kama kina skrini ya kupendeza, ni bidhaa ya kutiliwa shaka.

Suala la redio ndilo linalowachanganya wengi. Wi-Fi humwezesha mtumiaji kukifikia kitasa moja kwa moja kupitia ruta iliyopo, lakini hula betri kuliko njia nyingine. Bluetooth hula kidogo, ila haifiki mbali. Zigbee na Thread hutumia masafa ya gigahezi 2.4 na huunda utando, yaani mtandao ambao vifaa hupokezana ujumbe kama watu waliojipanga kupitishiana ndoo za maji. Lakini kitasa cha betri hulala muda mwingi na hakipokezi ujumbe wa wengine, hivyo kati yake na kitovu, yaani kifaa kinachoratibu mfumo mzima, inafaa kuwepo taa au plagi ya umeme ya kudumu yenye redio hiyohiyo. Mlango wa chuma au geti la mabati hudhoofisha mawimbi hayo, na kipokezi kilichowekwa mita chache upande wa ndani huwa na manufaa kuliko kitovu cha bei kubwa kilichofichwa chumbani.

Z-Wave hutumia masafa ya chini zaidi, ambayo hupenya kuta vizuri zaidi, lakini masafa hayo hutofautiana baina ya mabara, na hapa ndugu walioko ughaibuni huingia gharama bila kujua. Kitasa cha Z-Wave kilichonunuliwa Marekani huongea kwenye megahezi 908.4, ilhali cha Ulaya huongea karibu na megahezi 868. Afrika Mashariki imo katika kanda moja ya masafa na Ulaya, na megahezi 908 ziko ndani ya mkanda ambao simu za mkononi za GSM hutumia kupeleka mawimbi kwenye minara. Kitasa hicho cha Marekani hakitaelewana na kitovu cha Ulaya, na kukitumia ni kuingilia masafa ya kampuni za simu. Kasoro hii haionekani kwa macho, maana maboksi yote mawili yana nembo ileile.

Kwa muda mrefu kila kampuni ilikuwa na lugha yake, hadi Oktoba 2022 ulipotolewa Matter, kiwango cha pamoja kilichoandaliwa na Connectivity Standards Alliance, muungano ambao zamani uliitwa Zigbee Alliance. Matter hupita juu ya Wi-Fi au Thread, na vitasa vilikuwa miongoni mwa vifaa vilivyotajwa katika toleo la kwanza. Kifaa kimoja huweza kuwa chini ya mifumo ya Apple, Google na Amazon kwa wakati mmoja. Hata hivyo nembo ya Matter haimaanishi kuwa kila uwezo wa kitasa utaonekana katika kila mfumo. Kufunga na kufungua huonekana. Kuongeza namba za wageni au kusoma kumbukumbu za nani aliingia wakati mwingine hubaki ndani ya programu ya mtengenezaji pekee. Anayetaka uwezo huo athibitishe kwa jina la mfumo anaoutumia.

Swali la uzito zaidi ni mahali ambapo uamuzi hufanyika. Baadhi ya vitasa hupeleka kila amri kwenye wingu, yaani seva za kampuni zilizo nchi nyingine, kisha amri hurudi mlangoni. Vingine huzungumza na kitovu kilichomo nyumbani tu, kama kile kinachoendeshwa kwa Home Assistant, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2013. Njia ya wingu huuzwa kama urahisi, lakini humfunga mwenye nyumba kwenye uhai wa kampuni. Mei 2016 kitovu kiitwacho Revolv, ambacho kilikuwa kimeuzwa Marekani kwa karibu dola 300, kilizimwa na wamiliki wake na kikabaki kopo tupu mezani. Agosti 2017, pia Marekani, sasisho la programu lililokusudiwa kwa modeli nyingine lilitumwa kwa vitasa vipatavyo 500, vikashindwa kufunguka kwa namba hadi viliporudishwa kiwandani au kubadilishwa. Waliokuwa na ufunguo wa chuma waliendelea kuingia nyumbani. Mahali ambapo intaneti hukatika na umeme hupungua, kitasa kisichoweza kufunguliwa bila seva hakifai kuwekwa kwenye mlango pekee wa nyumba, hata kikipewa bure.

Nguvu ya kitasa hutoka aghalabu kwenye betri nne za volti 1.5. Betri za kuchaji zenye volti 1.2 hukidanganya kipimo, kikadhani zinakwisha zikiwa bado zimejaa, na nyingine huporomoka ghafla bila onyo, ndiyo maana watengenezaji wengi huzikataza. Modeli nyingi zisizo na tundu la ufunguo huwa na ncha mbili upande wa nje za kugusishia betri ya volti 9, au tundu la USB, ili kitasa kilichozimika kiamke kwa muda. Kitovu na ruta navyo huhitaji betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika utando hukatika hata kama kitasa chenyewe ki hai.

Katika kanuni za kujiendesha, kufunga na kufungua si mambo ya uzito sawa. Kanuni ya kufunga milango yote saa nne usiku ikikosea, hasara ni mtu kugonga hodi; kanuni ya kufungua simu ya mwenye nyumba inapokaribia ikikosea, mlango hubaki wazi naye yuko dukani mtaa wa pili. Aidha, kitasa bila kihisi cha mlango hujua tu kuwa komeo limetoka, hakijui kama mlango umefungwa: komeo huweza kuwa limechomoza hewani, mlango ukiwa wazi kwa upana wa kiganja, huku simu ikionyesha kuwa nyumba imefungwa. Kihisi cha sumaku kwenye mwimo huondoa uongo huo. Kanuni moja ya kufungua inayokubalika kwa urahisi ni ile ya king'ora cha moshi, na hata hiyo haiondoi haja ya kishikio cha ndani kinachozunguka kwa mkono.

Kuhusu wizi wa kielektroniki, mwaka 2016 watafiti wawili wa Marekani walijaribu vitasa na kufuli 16 za Bluetooth na wakafaulu kuzifungua 12, baadhi kwa sababu tu nywila ilirushwa hewani bila kufumbwa. Alama za vidole nazo ni data nyeti binafsi chini ya sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, kwa hiyo kitasa kinachozihifadhi ndani ya kifaa chenyewe kina sifa ya ziada kuliko kinachozipeleka kwenye seva. Namba za siri hazina meno ya kuisha, lakini vitufe huchakaa: baada ya mwaka mmoja vile vinne vinavyotumika kila siku hung'aa kuliko vingine, na anayepita kibarazani huvisoma bila kuuliza.