Kofia Chache, Jeshi Kubwa

Katika miaka ya mwanzo ya 1960, kwenye vilima vya jangwa nje ya mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, kundi la vijana wa skuli lilivipigana upya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kofia za chuma za Kijerumani walizokuwa nazo zilikuwa chache mno. Basi kijana aliyekwisha kupita mbele ya kamera alizunguka mbio kwa nyuma, akaivua kofia na kumkabidhi mwenziwe, naye akapita. Aliyeitazama filamu aliona jeshi. Aliyekuwapo aliona watoto wa mtaa mmoja wakipokezana kofia. Filamu yenyewe iliitwa Escape to Nowhere, ilichukua takriban dakika 40, na mwongozaji wake alikuwa mwanafunzi aliyezaliwa Disemba 1946, Steven Spielberg.

Jina hilo halihitaji kuelezwa, na hapo ndipo penye mtego. Tumzoeapo mtu kwa ukubwa wake, huusoma utoto wake kinyumenyume, tukaona kila mchezo aliocheza ni dalili ya utukufu uliokuwa ukimngoja. Dai langu ni kwamba filamu ile ilikuwa kazi ya kaya na mtaa kabla haijawa kazi ya mtu mmoja.

Tuanze na chombo. Filamu ya milimita 8 ilitolewa na Kodak mwaka 1932, katika miaka ya mdororo wa uchumi, ili familia za kawaida ziimudu. Siri yake ni ubanifu: ukanda wenye upana wa milimita 16 ulipitishwa ndani ya kamera mara mbili, nusu yake kwenda na nusu ya pili kurudi, baada ya kusafishwa ukachanwa katikati na vipande viwili vikaungwa. Futi 25 zikawa 50, yaani kama dakika nne za picha. Aghalabu haukuwa na nakala hasi: ukanda ule ule uliopita kwenye kamera ndio uliokatwa kwa wembe, ukaungwa kwa gundi, na ukapita kwenye projekta. Aliyekosea kukata alikuwa amekosea moja kwa moja, na kila onyesho liliuongezea mikwaruzo. Mtunzi wa mashairi ataielewa shule hiyo upesi, maana naye hufunzwa kuchagua neno na ufinyu wa mizani.

Kamera ya kwanza ilikuwa ya baba. Arnold Spielberg alikuwa mhandisi wa umeme aliyeshughulika na kompyuta, na wakati wa vita alitumikia huko Burma katika kikosi cha ndege za B-25. Vita alivyoviigiza mwanawe jangwani vilikuwa, kwa hivyo, habari za nyumbani. Mwaka 1958 kijana huyo alikwisha kutengeneza filamu fupi ya wapanda farasi wenye bastola ili apate beji ya skauti ya upigaji picha. Ilipofika zamu ya Escape to Nowhere, mama yake, Leah, mpiga piano, alivaa magwanda akaendesha jipu vilimani. Milipuko ilitengenezwa bila baruti: ubao uliwekwa juu ya kishimo, vumbi likarundikwa upande mmoja, na askari alipoukanyaga upande wa pili, vumbi liliruka juu kama kwamba kombora limeanguka.

Mwenyewe amesimulia pia kisa cha kijana aliyekuwa akimwonea skuli. Alimwendea akamwomba awe kiongozi wa kikosi katika filamu yake ya vita, kwa kuwa sura yake ilifanana na ya John Wayne. Yule akakubali, na uonevu ukageuka urafiki. Kwangu mimi kisa hiki kina uzito kuliko hila zote za vumbi. Mnyonge hakuwa na ngumi, lakini alikuwa na hadithi, na ndani ya hadithi yeye ndiye aliyegawa nafasi.

Filamu ilishinda mashindano ya vijana wa jimbo zima. Zawadi ilikuwa kamera ya milimita 16. Naye, akijua kwamba ukanda wa kamera hiyo hataumudu, akaibadilisha kwa kamera bora ya milimita 8. Tarehe 24 Machi 1964 alionyesha Firelight, filamu ya zaidi ya saa mbili iliyogharimu kiasi cha dola 500, katika ukumbi wa Phoenix Little Theatre. Faida, kama anavyopenda kusimulia, ilikuwa dola moja. Baadaye mikanda yake iliazimwa kwa kampuni moja ya filamu, kampuni ikafilisika, mikanda ikapotea. Zimesalia dakika chache tu. Wazo lake aliliokoa katika Close Encounters of the Third Kind ya mwaka 1977, na mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 75, katika The Fabelmans aliigiza upya jinsi Escape to Nowhere ilivyotengenezwa.

Yeye alipata fursa ya kurudia. Wangapi wa rika lake waliokata ukanda kwa wembe kama yeye, na kazi zao zikaishia darini? Hapa visiwani tamasha la filamu la ZIFF lilianza mwaka 1998, na simu iliyomo mfukoni mwa mwanafunzi wa leo hunasa picha na sauti kwa namna ambayo kamera ya baba yule isingeweza. Chombo kimepatikana. Anachohitaji kijana wetu ni mama wa kuendesha gari, mwalimu wa kumtazamia kazi hadi mwisho, wenzake wa kupokezana kofia, na mahali pa kuiweka kazi hiyo simu itakapovunjika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kuwa hatujui ni nani historia itakuja kumuuliza, ni wajibu wetu kuzitunza za wote.