Gumegume: Thamani ya Bunduki Rahisi

Wanafunzi wetu hulijua neno gumegume kwa maana ya mtu asiyefaa kitu. Wachache wajua kwamba gumegume ni jiwe gumu lililogongana na chuma likatoa cheche katika bunduki za kale, na kwamba bunduki yenyewe nayo iliitwa vivyo hivyo. Sisi twaona kuwa silaha ile imeonewa na lugha.

Bunduki za namna hiyo zilitoka katika viwanda vya Birmingham na Liège, vilivyotengeneza silaha rahisi mahususi kwa soko la Afrika. Tena, tangu miaka ya 1860, majeshi ya Ulaya yalipoanza kutumia bunduki zinazojazwa kwa nyuma, magobore yao ya zamani yaliuzwa kwa bei ya kutupa. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia pande hizi kila mwaka. Njia zilizopitisha Kiswahili Tabora, Ujiji na Kasongo hata kikafika Maniema ndizo zilizopitisha bunduki pia. Na pamoja nazo yalisafiri maneno kama baruti, fataki, marisau na mtutu. Hata Tippu Tip, kwa maelezo yake mwenyewe, alipewa jina hilo kwa mlio wa bunduki zake.

Kasoro zake zilikuwa nyingi. Mvua ikinyesha, baruti ilitota na mwindaji akabaki na gongo mkononi. Alipiga mara moja tu, kisha ikambidi amimine baruti na kushindilia upya, huku mnyama aliyejeruhiwa akimtazama. Mtutu hafifu uliweza kupasuka na kumuumiza mwenye kuushika.

Hata hivyo, bunduki hiyo haikumfunga mwenyewe kwa kiwanda. Risasi zikiisha, alitumia vipande vya chuma. Kitako kikivunjika, seremala alichonga kingine. Wachokwe, wawindaji mashuhuri wa tembo huko Angola na kusini mwa Kongo, walisifika kwa wahunzi wao waliotengeneza bunduki zilizoharibika na kufua baadhi ya sehemu zake. Bunduki ya kisasa ilipiga mbali na kwa shabaha, lakini isipopata risasi zake maalumu kutoka ng'ambo haikuwa na faida yoyote. Kwa mtu aishiye mwendo wa miezi kutoka pwani, ipi ilikuwa na thamani zaidi?

Mataifa yaliyokutana Brussels yalipima thamani kwa kipimo kingine. Mkataba wao wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia silaha za shabaha kuingizwa Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta. Bunduki za gumegume, ambazo mitutu yake haikuchongwa mifereji ya kuizungusha risasi, ziliruhusiwa kuuzwa chini ya uangalizi, pamoja na baruti ya kawaida. Msafiri wa Kizungu aliweza kupewa ruhusa ya kuchukua silaha bora kwa ajili ya kujilinda. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, nayo haikuwa ya uongo. Ila miaka hiyo ndiyo wenye mkataba walipokuwa wakigawana nchi zetu, na sharti lile liliwafaa sana.

Baadaye zikaja sheria za leseni za uwindaji. Mgeni aliyelipa aliua tembo kwa ruhusa. Mwanakijiji mwenye gobore, akiwinda msitu ule ule aliowinda baba yake, akaitwa jangili.

Sheria hizo hazikuliua gobore. Sehemu iliyowashinda zaidi wahunzi wa zamani ni mtutu, kwa kuwa ulihitaji chuma kinachostahimili mlipuko. Siku hizi wahunzi wa vijijini huutengeneza kwa mabomba ya maji.